Picha ya Mama Yake Kagure

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Wakonyo alikwenda kumsaidia mjomba wake, Mwaniki, katika studio yake ya picha mtaani Majengo, Nyeri. Mwaka huo wa 1998, mjomba alikuwa amenunua kompyuta na skana. Alimfundisha Wakonyo kuondoa mikwaruzo kwenye picha kuukuu, akampa sharti moja: picha inayorekebishwa ihifadhiwe kwa TIFF, aina ya faili ambayo haipotezi chochote. JPEG, aina inayobana picha ili faili iwe nyepesi, ilikuwa ya nakala ndogo tu, baada ya kazi kukamilika.

Jumamosi moja kazi ilikuwa uso wa mama yake Kagure, mwanafunzi aliyesoma na Wakonyo; mama huyo alikuwa amefariki. Marehemu hakuacha picha yoyote ila ile ya kitambulisho, nacho kilikuwa kimeshakabidhiwa chifu ili kibali cha mazishi kitolewe. Mjomba alikuwa amekiskani mapema. Picha ingechapishwa kubwa, ibebwe mbele ya jeneza.

Faili ya TIFF ilikuwa nzito, na kompyuta ilijikokota. Wakonyo aliigeuza kuwa JPEG ndogo kabisa, kisha akaifuta TIFF. Aliondoa mkwaruzo, akahifadhi, akafunga. Akafungua tena, akaondoa alama ya muhuri, akahifadhi. Kila mara JPEG ilitupa sehemu nyingine ya picha ili faili ibaki ndogo. Alipochapisha nakala ya majaribio, mashavu yalikuwa miraba na macho madoa mawili.

Kagure aliingia, akaitazama karatasi.

“Huyu ni nani?”

“Ni mama yako.”

“Ati mama? Wacha mchezo, Wakonyo. Macho yake yako wapi?”

“Kitambulisho ndicho kilikuwa kibovu. Unajua picha za serikali.”

Kagure hakubisha. “Basi tutabeba hiyo,” alisema, akaketi kwenye benchi.

Wakonyo alikwenda chumba cha nyuma. Mjomba alikuwa ameshika diski.

“Mjomba, nimemdanganya Kagure. Kitambulisho hakikuwa na kasoro. Nilihifadhi kwa JPEG, tena na tena. TIFF nimeifuta.”

Mjomba aliiweka diski mezani polepole. “Nakala ya kwanza iko humu. Nilikuwa karibu kuifuta, niweke picha za harusi ya Karatina.”

Alimtuma kwanza amwambie Kagure ukweli. Kisha walirekebisha uso ule upya, kwa TIFF, hadi jioni. Kagure alipoiona picha iliyochapishwa, aligusa paji la uso la mama yake. “Ndiye,” alisema. Hakumtazama Wakonyo alipotoka.

“Amenikasirikia,” Wakonyo alisema.

“Ana haki,” mjomba alijibu. “Kuharibu picha kulikuwa ni uvivu, na uvivu tumeurekebisha leo. Lakini ulimwacha mtoto aamini kwamba mama yake angezikwa bila uso, nawe ulijua sababu. Ukiharibu kazi ya watu, sema wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Baadaye ukweli wako hautamfaa mtu.”