Kola ya Kuficha Kovu

Fundi cherehani alimshonea bintiye magauni ya kola ndefu tangu utotoni. Mishono safi, vifungo hadi shingoni, na kovu la kifuani halionekani. Binti akiuliza, mama humjibu, "Uliungua maji ya moto, mwanangu."

Ulikuwa uongo mtupu. Mtoto alizaliwa na kasoro ya moyo, akapasuliwa akiwa na miaka mitatu. Aliporudi nyumbani anacheka na kukimbia, mama akaona yamekwisha, akaacha kliniki. Aliogopa maneno ya watu. Nani angemposa msichana mwenye moyo wa viraka?

Sasa binti ana miaka kumi na tisa, anafanya kazi dukani na mamake. Akipanda ngazi, anahema.

"Uvivu huo!" mama humfokea. "Mimi umri wako nilibeba majora mawili kichwani, na umbea juu!"

Asubuhi moja binti alianguka kwenye meza ya kukatia nguo. Hospitalini, muuguzi alimfungua vifungo.

"Kovu hili la nini?"

"Maji ya moto," binti akasema.

Muuguzi akamgeukia mama. "Maji ya moto hayaachi mstari ulionyooka hivi, mama. Wala kidonda cha moto hakishonwi nyuzi."

Mama akainama, akasema yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu binti hakujua hata kwamba anafichwa.

Baada ya vipimo, muuguzi akawaeleza. "Upasuaji ule ulimwokoa. Lakini moyo uliotengenezwa si moyo mpya. Valvu, yaani kijilango cha damu, huweza kuvuja polepole. Moyo unatanuka, na mtu hasikii maumivu. Ndiyo maana hupimwa maisha yake yote, hata akijiona mzima."

"Atapona?" mama akauliza.

"Atawekewa valvu nyingine, atapata nafuu. Ila mmechelewa. Moyo umechoka, huenda usirudi kama ulivyokuwa."

Binti akamtazama mamake. "Na ulikuwa unaniita mvivu."

Valvu iliwekwa. Leo binti anapanda ngazi akipumzika mara moja tu, na tarehe ya kliniki haimpiti. Mwaka huu ilipofika, mama alichukua mtandio wake.

"Ngoja nikusindikize."

"Baki na kazi, mama," binti akasema taratibu. "Daktari akiuliza habari zangu, nataka aambiwe kweli."