Samaki wa Ukutani

Kanisa la kale la kijiji chetu tunalisafisha kwa zamu. Jumamosi ile zamu ilikuwa yangu. Nilikwenda na binti yangu Tamsin, mwenye miaka tisa.

"Mwalimu katupa kazi ya historia," alinung'unika. "Wafalme watupu, na wote wameshakufa."

"Vumbi lao ndilo hili. Shika ufagio."

Tulisogeza kabati lililokaa pale miaka mingi. Ganda la chokaa likadondoka. Nyuma yake alikuwepo samaki mwekundu, mdogo, jicho wazi.

Tamsin alipiga magoti. "Mama, nani kamchora huyu?"

Sikuwahi kumsikia akiuliza hivyo. Nikataka amwone vizuri. Nikachovya sifongo kwenye maji ya sabuni, nikapangusa. Sifongo ikatoka nyekundu.

"Acha, mama. Unamfuta."

Mkia haukuwepo tena. Maji yalikuwa yakishuka ukutani, na chokaa ya pembeni ikaanza kuvimba. Bwana Pettit, mzee wa kanisa, akaja kutazama.

"Niwashe hita?" aliuliza. "Patakauka sasa hivi."

"Washa, tafadhali."

Tamsin akatoka mbio. Alivuka barabara kwenda kwa jirani yetu, Bi Hester, ambaye kazi yake ni kutunza michoro ya kale makanisani. Bi Hester alikuja na ndara zake za nyumbani.

"Pettit, zima hiyo. Mama Tamsin, weka sifongo chini."

"Lakini pamelowa," nilisema.

"Nimeona. Ukipakausha kwa moto, chumvi iliyomo ukutani itatoka kwa nguvu, iisukume rangi ianguke. Ukipangusa, unaiondoa kwa mkono wako. Paache pakauke polepole."

"Na ikianguka?"

"Itakuwa imeanguka."

Tulikaa kwenye benchi tukiutazama ule uvimbe. Tamsin hakunitazama mimi. Punje ya chokaa ilidondoka, nikashika mdomo. Bi Hester akaanza kumweleza mtoto kwa sauti ya chini.

"Miaka mia sita iliyopita, wengi hapa hawakujua kusoma. Kuta ziliwasomea. Samaki huyu yumo mtoni. Juu yake, nadhani, yupo Mtakatifu Kristofa akimvusha mtoto Yesu. Walimchora mkabala na mlango. Waliamini ukimwona asubuhi, hufi ghafla siku hiyo."

"Kwa nini wakamfunika?"

"Baadaye mfalme aliamuru michoro ifunikwe. Chokaa ile ile ikamhifadhi. Sasa weka mikono nyuma, uje."

Aliwasha tochi, akamulika kutoka ubavuni, bila kugusa. Vivuli vikajitokeza kwenye lipu: kifundo cha mguu, kisha goti, vikipanda ukutani chini ya chokaa.

"Ni mkubwa," Tamsin alinong'ona. Akatoa daftari, akachora.

Ukuta ulikauka kwa wiki tatu. Kila siku nilikwenda kuchungulia. Uvimbe haukuanguka.

Wazazi wenzangu, watoto wapelekeni makanisa ya kale wakaone. Wapeni tochi, karatasi na penseli. Mkiona rangi nyuma ya chokaa, msipangushe, msikwangue, msiwashe moto. Mwiteni fundi wa michoro.

Darasa la Tamsin lilikuja mwezi uliofuata, mikono nyuma, yeye akiwaongoza. Mvulana mmoja akauliza, "Mbona samaki hana mkia? Mfalme ndiye aliyemkata?"

Tamsin aliniangalia.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi."