Mtaa Uliokataa Kufagia

Rachelle ndiye aliyeliona kwanza, na hakumwambia mtu. Lori la maji la kampuni ya madini lilipita kwenye barabara yao siku za wageni tu. Likipita asubuhi likimwaga maji, basi kabla ya adhuhuri magari meupe ya wageni yangefika. Wageni wakishaondoka, halikuonekana tena. Barabara ilikauka, malori ya madini yakarudi kukimbia, na vumbi jekundu likaingia majumbani bila kubisha hodi.

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara hiyo, nje kidogo ya Kolwezi. Kila siku kazi ilikuwa ile ile. Afagie, apanguse meza, aoshe tena sahani alizoziosha jana kabla ya kupakua bukari, ugali wa kwao. Akimaliza, lori lingine linapita. Anaanza upya. Mama Adèle, mama mkwe wake, alikaa mlangoni akimwonyesha kwa kidole mahali palipobaki uchafu. Rachelle alifagia na hapo. Alikuwa ameuchoka ule mfagio kama mtu anavyomchoka mgeni asiyejua kuaga.

Lakini sahani si kitu. Mtoto wake Gradi alikuwa akikohoa. Muuguzi wa kituo cha afya alimpa dawa, akamweleza Rachelle kwamba dawa itasaidia, ila mtoto akiendelea kuvuta vumbi, kikohozi kitarudi. Alimshauri afunike maji ya kunywa, apanguse kwa kitambaa chenye maji, na asifagie pakavu mtoto akiwa karibu. Rachelle alifanya yote. Kikohozi kilipungua, kikarudi.

Mumewe, Hénock, alikuwa kwado. Alitengeneza matairi ya malori hayo hayo, na hakutaka ugomvi na wenye malori. Jioni moja alisema Gradi ataenda kukaa Lubudi kwa shangazi yake, dada wa Hénock, kwenye mashamba na hewa nzuri. Shangazi atakuja kumchukua mavuno yakiisha. Rachelle aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Hakujibu. Hénock akaona jambo limekwisha.

Wanawake wa mtaa walikuwa wamelalamika, kila mmoja kwa njia yake. Walikwenda mmoja mmoja kwa Tata Dimitri, mfanyakazi wa kampuni aliyepewa kazi ya kuzungumza na wakazi. Mama Jeanne alirudi na ndoo na sabuni. Mwingine alirudi na kikwembe, kitenge chenye alama ya kampuni. Kila mmoja aliambiwa asiwaambie wenzake, kwa sababu vitu havitatosha watu wote. Kila mmoja alijiona mwenye bahati. Mama Adèle naye akaenda kueleza jinsi mjukuu wake anavyokohoa. Akarudi na mfagio mpya.

Rachelle aliutazama mfagio huo mpaka mboga ikaungua.

Ndipo habari zikaja kwamba wageni kutoka nchi za mbali watafika wiki ijayo. Mkuu wa mtaa akatuma watu kusema wanawake wafagie, wavae vile vikwembe, wacheze ngoma barabarani. Siku hiyo Mama Elise, jirani muuza makaa ambaye alikuwa katika chama cha wanawake cha mjini, aliwaita wenzake kwenye lupangu lake, uani. Rachelle alikaa nyuma kabisa.

Mama Elise aliuliza nani amepewa kitu na Tata Dimitri. Mkono mmoja ukapanda, ukafuata wa pili, halafu karibu mikono yote. Walicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

Mama Jeanne alitaka waweke mawe barabarani kesho yake.

"Tukiweka mawe, askari batakuya," Mama Elise akasema. "Batazungumuza mawe. Vumbi hakuna mwenye atalisema tena."

Kisha akawaeleza. Duniani joto linazidi na mvua zinapoteza njia, kwa sababu ya moshi mwingi wa viwanda na magari. Ndiyo maana watu wanatafuta magari yasiyotoa moshi. Betri za magari hayo zinahitaji kobalti, na kobalti inatoka hapa kwao. Jambo lenyewe si baya. Ubaya ni wenzao kusafisha hewa yao huku hewa ya Kolwezi ikichafuka. Huko mbali pia kuna watu wanaoandamana barabarani, wakiuliza madini yanachimbwaje na nani anaumia. Wageni wanakuja kwa sababu ya maswali hayo.

Rachelle aliinuka polepole, akamnong'oneza Mama Elise habari ya lori la maji.

"Sema kwa sauti, mwanangu."

Rachelle alitazama miguu yake. Basi Mama Elise akasema kwa niaba yake, na wanawake wakatazamana. Kila mmoja alikuwa ameliona lori hilo. Hakuna aliyekuwa amefikiri maana yake.

"Kompani inamwanga maji ku barabara," Mama Elise akasema, "na sisi tunafagia manyumba. Bageni banaona mahali pazuri, banarudi kwabo. Ni sisi benyewe tunafichaka vumbi."

Wakakubaliana. Hakuna kufagia mpaka wageni waje. Maji, chakula na kitanda cha mtoto vitafunikwa vizuri. Mengine yaachwe yalivyo. Hakuna ngoma. Hakuna mtu kupokea kitu peke yake. Watakaosema ni Mama Elise na Mama Jeanne, wamechaguliwa mbele ya wote.

Mama Adèle alikataa. "Mi niketishe bageni mu buchafu? Batasema mutoto wangu alioa mwanamuke muvivu."

Wote walicheka, isipokuwa Rachelle.

Wiki hiyo ilikuwa ngumu kuliko kufagia kwenyewe. Mwanamke aliyelelewa vizuri anaona aibu kumwonyesha mgeni meza chafu. Asubuhi moja Rachelle alimkuta mama mkwe wake akipangusa dirisha. Bibi alisema anagusa tu. Rachelle alikichukua kitambaa mkononi mwake.

Wageni walipofika, barabara ilikuwa imelowa vizuri. Tata Dimitri alishuka akitabasamu, akatafuta ngoma kwa macho. Wanawake walisimama kimya milangoni. Mgeni mmoja, mwanamke, alikaribishwa ndani kwa Rachelle. Alikaa. Alipoinuka, sketi yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi nyuma.

"Leo hamukufagia, bamama?" Tata Dimitri akauliza.

"Tulifagia miaka yote, tata," Mama Elise akajibu. "Leo baone mwenye anachafua." Akamweleza mgeni kwa Kifaransa habari ya malori, ya watoto, na ya lori la maji linalojua tarehe za wageni.

Tata Dimitri akasema pampu ilikuwa imeharibika. Tena, akasema, hakuna mtu aliyewahi kulalamika.

Mama Jeanne akaingia kwake, akatoka na ile ndoo, akaiweka miguuni pa Tata Dimitri. Wa pili akaweka kikwembe. Wengine wakafuata. Mama Adèle akaja wa mwisho na mfagio wake.

"Kama hatukulalamika," Mama Jeanne akauliza, "hivi bitu ulitupatia sababu ya nini?"

Tata Dimitri alitazama saa yake.

Baada ya siku hiyo lori la maji likaanza kupita kila asubuhi na kila alasiri. Baadaye likapotea, kama ilivyotazamiwa. Wanawake hawakungoja wageni. Walikwenda kwenye kampuni wote pamoja, wakakaa langoni mpaka wakasikilizwa. Lori likarudi, na malori ya madini yakaamriwa kwenda polepole mbele ya nyumba. Mitaa miwili ya jirani ikatuma watu kuuliza walifanyaje. Muuguzi alisikiliza kifua cha Gradi akasema kinaendelea vizuri, wamrudishe tena amwone.

Mavuno yakaisha. Shangazi akafika kutoka Lubudi na gunia la mahindi. Hénock akaanza kukunja nguo za Gradi, akimwambia dada yake kwamba mambo yalishapangwa zamani, hata mama wa mtoto alikubali.

Rachelle aliweka chini mwiko. Akachukua nguo mikononi mwa mumewe.

"Siku ile ulisema Gradi aende, mi nilinyamaza. Ulisikia ndiyo," akasema. "Sikusemaka ndiyo, Hénock. Sipendi mutoto wangu aende."