Daftari Lenye Tundu

Enelesi Kachingwe alitunga nyimbo huku akisonga nsima, ugali wa kwao. Mkono mmoja ulishika mwiko, mwingine kalamu. Ndiyo maana daftari lake lilijaa unga, masizi na alama za vidole vyenye mafuta. Maneno yalikatwa, noti za do-re-mi zikafutwa na kuandikwa upya. Lakini nyimbo zilizotoka humo ziliimbwa na kwaya zote za Domasi.

Huko kwao mwalimu wa kwaya hamnyimi mwenzake wimbo. Anayeutaka huja na daftari lake, hukaa barazani na kunakili noti kwa mkono. Miaka miwili nyuma alikuja Wyson Namalomba, mwalimu wa kwaya ya ng'ambo ya mto. Alinakili wimbo ambao Enelesi aliutunga mwezi ule aliomzika mama yake. Alikula karanga za kuchemsha, akashukuru, akaenda zake.

Sasa zilibaki wiki mbili kabla ya tamasha la kwaya, na kamati yake ya wachungaji ikamwandikia Enelesi barua. Wyson alikuwa ameurekodi wimbo ule. Uliuzwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, kwa jina la Wyson. Tena alitaka kwaya ya Enelesi ikatazwe kuuimba kwenye tamasha. Kamati iliwaita wote wawili Jumamosi, kila mmoja na ushahidi wake.

Enelesi alisoma barua mara tatu. Kukatazwa wimbo wa mama yake mwenyewe kulimuuma.

Kisha akajikaza. Alinunua daftari jipya lenye jalada gumu. Akauandika wimbo upya, kwa mwandiko wa kupendeza, bila doa. Daftari la zamani akaliweka karibu na jiko, akaanza kuchana kurasa za kuwashia moto.

Hapo ndipo jirani yake, Felista Naphiri, alipoingia kuomba chumvi. Felista ni karani wa mahakama ya hakimu. Kazi yake ni kutunza vitu vinavyoletwa kama ushahidi. Alilinyakua daftari kuukuu kabla ukurasa mwingine haujachanwa.

"Dada, unamchoma shahidi wako."

"Shahidi gani huyo? Ananuka dagaa. Nitamsimamishaje mbele ya wachungaji?"

"Na harufu yake hiyohiyo. Hili jipya umeandika lini?"

"Juzi."

"Basi litasema mambo ya juzi. Mtu yeyote anaweza kuandika vizuri juzi."

Felista alifungua daftari la zamani polepole. Bahati nzuri, ukurasa wa wimbo ule ulikuwa bado upo, na juu yake tarehe. Alimweleza Enelesi kwamba mahakama huanza kwa kuulizia andiko la kwanza, lile la asili. Yale maneno yaliyokatwa yanaonyesha mtu aliyekuwa akitafuta, akikosea, akirekebisha. Nakala safi haionyeshi hayo.

Enelesi aliuliza kuhusu fotokopi yenye muhuri. Alidhani muhuri unamaliza maneno.

"Muhuri unasema karatasi hii inafanana na ile," Felista alijibu. "Hausemi nani alitunga."

"Na kama ile ya kwanza imepotea?"

"Nakala inaweza kukubaliwa. Ila utaeleza ya asili ilikwendaje. Na inafaa aje mtu aliyeiona, aseme nakala inafanana nayo."

Kulikuwa na jambo lililomkosesha Enelesi usingizi kuliko yote, na sasa akalisema.

"Lakini mimi mwenyewe ndiye niliyempa Wyson wimbo."

"Ulimpa nakala. Ukinunua kitabu dukani, kitabu ni chako. Utakisoma, utampa shangazi yako. Je, unaweza kukichapisha na kuuza, ukaandika jina lako?"

"Nitafungwa."

"Basi na wimbo ni hivyo hivyo. Hakimiliki inabaki kwa mtunzi. Daftari, kanda, hata kadi ya simu, chochote kilichobeba wimbo wako ni nakala. Wewe ulimruhusu anakili ili kwaya yake iimbe. Kurekodi na kuuza ni nakala nyingine, na ruhusa nyingine. Alikuomba ruhusa hiyo?"

"Hakuomba hata ya kubeba karanga, na alijaza mfuko."

Walicheka. Kisha Felista akainua ukurasa kwenye mwanga. Palikuwa na tundu dogo lenye ukingo mweusi.

Enelesi alieleza kwa aibu kwamba cheche iliruka jikoni, kabla Wyson hajaja. Iliunguza pigo la nne katika sauti ya pili. Waimbaji wake walilijua kwa kichwa, kwa hiyo hakuliandika tena. Kwenye daftari jipya alikuwa amelijaza.

"Usilizibe tundu hilo," alisema Felista. "Nenda nalo lilivyo. Na uwachukue waimbaji wawili walioimba siku zile."

Jumamosi, Wyson alifika amevaa suti, na karatasi zilizopigwa chapa, zenye mihuri mitatu. Mwenyekiti, Mchungaji Chilemba, alimwomba andiko la kwanza. Wyson alisema liliharibiwa na mvua. Mchungaji akasema mvua haina adabu, hilo linawezekana. Akauliza nani aliliona kabla ya mvua. Hakuwapo hata mmoja.

Enelesi alisimama. Aliweka mezani daftari lake, na unga wake na masizi yake. Waimbaji wake wawili walithibitisha kwamba waliuimba wimbo ule kutoka humo, mwaka aliofiwa, kabla tundu halijatokea.

Mchungaji Chilemba alikuwa amewahi kufundisha kwaya. Alisoma daftari, kisha karatasi za Wyson, kisha daftari tena.

"Ndugu Namalomba, hapa sauti ya pili ina mapigo matatu. Nyingine zote zina manne. Kwa nini?"

"Ndivyo nilivyotunga, Mchungaji."

Mchungaji aligeuza daftari la Enelesi na kupitisha ncha ya kalamu kwenye tundu. Ilitokea upande wa pili, pale pale penye pigo lililokosekana. Wyson alitazama ile kalamu, akakaa chini.

Kamati iliamua siku hiyohiyo. Wimbo ni wa Enelesi, na kwaya yake itauimba. Kwa habari ya nakala zilizouzwa, Felista alimpeleka ofisi ya hakimiliki, na baada ya mwezi mmoja vibanda viliacha kuziuza kwa jina la Wyson.

Siku hizi daftari la zamani linakaa kwenye kopo la biskuti, mbali na jiko. Anayekuja kunakili bado hanyimwi. Ila anaandika jina lake, tarehe, na ruhusa aliyopewa.

Mwaka uliofuata Wyson alirudi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema kwaya yake inaupenda mno ule wimbo, akaomba ruhusa ya kuuimba.

Enelesi alimwacha asimame kidogo. Kisha akampa kiti na kalamu.

"Anza na jina langu, pale juu," alisema. "Halafu nikutajie pigo la nne."