Raba Nne Zenye Doa Jekundu

Siku walipokutana, foleni ya ofisi ya vifurushi ilikuwa imetoka nje ya mlango hadi kwenye ngazi, na kila mtu ndani yake alikuwa amemchoka mwenzake. Mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, alikuwa amekumbatia boksi pana lililomzuia kuona mbele yake, akikanyaga watu kushoto na kulia. Alipomkanyaga mwanamke wa ovaroli la buluu, siku hiyo alikuwa amepatikana.

"Samahani, dada."

"Samahani nimeipokea. Mguu ndio bado." Mwanamke akasoma maandishi ya boksi. "Magurudumu ya kaboni. Ya nani?"

"Yangu. Kaka yangu kanitumia. Niko kwenye timu ya mbio za baiskeli."

"Na raba za breki utafunga zipi?"

"Nilizo nazo. Bado nzima."

"Zimetumika kwenye rimu za alumini?"

"Ndiyo."

"Basi rudi dirishani, uulize kama kaka yako katuma na jeneza."

Foleni ikacheka. Mwanamume hakununa, aliuliza kwa nini, na hapo ndipo alipompendeza. Wanaume wengi wakielezwa baiskeli na mwanamke hukohoa na kutazama pembeni.

Akamweleza. Kaboni haipoi haraka kama alumini. Raba ya kawaida huipasha moto mteremko mzima mpaka gundi inayoshika nyuzi zake inalainika, rimu inavimba, tairi linapasuka. Halafu raba iliyokwisha kula alumini ina vipande vya chuma tumboni, itaikwangua rimu mpya. Atafute raba za kaboni, tena zile alizozitaja mtengenezaji wa rimu kwenye karatasi yake, na kila akibadilisha gurudumu abadilishe na raba.

"Zote nyeusi," alisema mwanamume. "Nitazijuaje?"

Mwanamke akachomoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mfuko wa ovaroli. Kucha zake mwenyewe zilikuwa nyekundu, zimebanduka kwa grisi.

"Zenye doa langu ndizo za kaboni. Njoo kesho kwenye karakana yangu ya baiskeli."

Alikuja kesho, na keshokutwa, na siku ambazo baiskeli haikuwa na ugonjwa wowote. Mwanamume akamwita mwanamke Fundi, naye akaitwa Bingwa, kwa kumtania tu, maana mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka vibaya kwenye mteremko na hakuwa ameshinda kitu tangu hapo. Kila siku simu zilianza saa sita mchana.

"Umekula, roho yangu?"

"Nina mikono ya grisi, Bingwa. Unataka nini?"

"Kusikia ukinigombeza."

"Sina nafasi ya kukugombeza sasa hivi. Piga saa tisa."

Saa tisa kamili alipiga. Kufikia mwisho wa msimu Fundi alikuwa amempa ufunguo wa karakana na sweta la kijivu alilolifuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, naye alilivaa hivyo hivyo mbele za watu.

Kisha, siku nne kabla ya mbio kubwa, kocha alimtoa Bingwa kwenye timu ya kwanza, akamweka ya pili. "Unaogopa miteremko," alimwambia mbele ya wenzake. Simu iliyoita karakana haikuuliza chakula.

"Umemwambia nini kocha?"

"Mimi? Sijamwambia neno."

"Alikuwa kwako jana. Leo ananiita mwoga. Nani mwingine anaigusa baiskeli yangu?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza. Jana alipokuja, mezani kulikuwa na..."

Simu ikakatwa. Fundi alimpigia mara ishirini siku ile. Siku ya pili alipiga akilia. Siku ya tatu namba yake ilikuwa imefungiwa, akaketi chini kati ya magurudumu ya watu, mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni, akashindwa hata kukaza nati.

Asubuhi ya mbio alikuja dada yake Bingwa, msambazaji wa vifurushi, pikipiki ikingurumia mlangoni. Alikuwa na mfuko wa karatasi na aibu usoni.

"Wifi, nisamehe. Nimetumwa."

Ndani mlikuwa na sweta. Ufunguo. Kikombe chake cha chai. Na chini kabisa, zimefungwa kwenye gazeti, raba nne za breki, kila moja na doa jekundu mgongoni.

Fundi alizitazama.

"Hizi kazitoa lini?"

"Jana jioni. Nilimsikia sebuleni akigongagonga. Kasema hataki kitu chako hata kimoja."

"Akafunga zipi?"

"Za zamani, zilikuwa kwenye kopo. Kwani vipi?"

"Na magurudumu?"

"Yale ya kaka. Kuna hatari gani, wifi?"

Mbio zilikuwa zimeanza saa nzima iliyopita. Walipompigia Bingwa kwa simu ya wifi, iliita ndani ya begi fulani mahali fulani. Ya kocha ilikuwa inatumika, kisha inatumika, kisha ikazimwa. Gari la ufundi lilifuata timu ya kwanza peke yake. Fundi alimjua mtu wake: leo angetaka kuwaonyesha wote kwamba haogopi, na mteremko wa kutoka kileleni ulikuwa na kona kumi na moja.

"Unajua njia ya mkato ya kufika kileleni?"

"Ile ya minara ya simu. Napeleka mizigo kule."

Walipanda njia ya mawe, mara mbili wakakaribia kuanguka. Fundi alikuwa amezishika zile raba kwa nguvu kiasi cha kiganja kufa ganzi, akisema maneno yale yale mgongoni mwa wifi yake: asifike, asifike kabla yetu.

Walifika kileleni watu watatu wa mbele wakitokeza. Wa tatu alikuwa yeye, jezi wazi kifuani, uso umekauka chumvi. Fundi alijipenyeza mbele ya watazamaji, akanyoosha kiganja chenye madoa manne mekundu.

"Simama. Mpenzi, nakuomba, simama."

Bingwa alimtazama. Akatazama kiganja. Akapita.

Askari wa njia hakukubali pikipiki ishuke. Wifi akabaki akimlilia askari, naye Fundi akaanza kukimbia, buti za kazi zikimpiga visigino. Kona ya kwanza, hakuna. Ya pili, harufu ya gundi iliyoungua, na moyo ukamwambia amechelewa. Aliendelea kukimbia kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya.

Kona ya tatu palikuwa na rundo la mchanga wa wajenzi wa barabara. Bingwa alikuwa ameketi juu yake, kiwiko kinavuja damu. Gurudumu la mbele lilikuwa limevimba ubavuni, tairi limechomoka nusu.

"Usiliguse, bado lina moto," alisema.

Fundi akapiga magoti kwenye mchanga. Alimpiga kwenye bega zima, akampiga tena, kisha akalilalia bega lile lile akalia kwa sauti.

"Nilidhani umekuja kuniudhi," alisema Bingwa. "Huku chini mkono wa breki ukaanza kupigapiga, ndipo nikaelewa lile doa. Nikaiachia breki, nikauparamia mchanga."

"Ulikuwa umebana breki tangu juu?"

Waendesha baiskeli wawili wakapita.

"Tangu juu. Naogopa. Tangu nilipoanguka naogopa kila mteremko. Haya, kamwambie kocha."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Unavyoogopa. Raba za wenzako zinakaa miezi minne, zako wiki tatu zimekwisha. Nilikuwa nakubadilishia na kutia doa jipya, usijue. Kocha alizikuta mezani, zile zilizolika, akaelewa. Nilichelewa kuzitupa. Kosa langu ni hilo tu."

Bingwa aliinamisha kichwa. Kisha akakikunjua kiganja cha Fundi, kidole kimoja kimoja. Raba zilikuwa zimemwachia alama nne nyekundu kwenye ngozi.

"Ufunguo uko wapi?"

"Karakana, kwenye ule mfuko."

"Na sweta?"

"Humo humo."

"Naomba virudi," alisema. "Vyote, na mwenyewe. Nitamleta mama kwenu, kama bado nina uso wa kuja."

"Njoo na uso huo huo, lakini uuoshe."

Fundi alikifunga kiwiko kwa kitambaa cha kichwa. Bingwa akainua baiskeli upande wa mbele, yeye akasukuma kwa nyuma, wakaanza kuteremka kwa miguu. Kundi zima la mbio likawapita kwa kishindo, na Bingwa hakuinua kichwa kuangalia namba za migongoni mwao.