Oili Iliyobaki Chini ya Kitanda

Tik, tik, tik.

Jikoni bado kulikuwa na giza. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga juu ya viazi vitamu. Persis alikisogeza kidogo ili mvuke upite. Kifuniko kikanyamaza.

Kisha, tik, tik, tik. Safari hii sauti ilitoka nje.

"Mama, kuna sufuria nyingine nje?" aliuliza Natasha. Alikuwa mtoto wa chekechea. Aliketi karibu na moto, blanketi mabegani.

"Si sufuria, mwanangu," Persis alimjibu. "Ni gari la baba."

Alfayo, mume wa Persis, alikuwa ameliwasha gari. Kila siku ya kazi alibeba ndizi za wakulima wa kijiji chao, karibu na Ikonge, akazipeleka soko la Kisii. Gari hilo walilinunua kwa bonasi za majani chai za miaka mingi, na kwa ng'ombe wao wa maziwa. Hawakuwa na ng'ombe mwingine wa kuuza.

Sauti ile ilianza wakati wa baridi. Ilisikika alfajiri, injini ikiwa baridi. Injini ikishapata moto, sauti ilipotea.

"Kitu kinajitibu chenyewe, unataka nikipeleke kwa daktari?" Alfayo alisema kila Persis alipouliza.

Persis hakuridhika. Akienda kuchuma chai, alipita boma la jirani yao, Nyakundi. Gari la Nyakundi lilikuwa limekufa injini. Lilisimama pale kwenye nyasi, na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Persis aliwatazama kuku hao kila siku. Hakutaka gari lao liishie hivyo.

Na Nyakundi huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa Alfayo.

"Hii milima yetu inataka oili nzito," Nyakundi alisema siku moja, akiegemea ua. "Nzito inashika. Nyepesi inakimbia kama maji."

"Na yako ilishika?" Persis aliuliza.

"Yangu ilikuwa na mambo mengine, Mama Natasha."

"Kuku wanayajua."

Nyakundi alicheka, lakini hakubadilisha maneno yake. Kwa ushauri wake, hata kabla ya baridi Alfayo alikuwa akinunua oili nzito sokoni. Ilitoka kwenye pipa. Muuzaji aliipima, akaimimina kwenye chupa kubwa za soda. Bei yake ilikuwa ya chini sana.

Wakati wa kubadilisha oili ulipofika, mume na mke walibishana.

"Nunua ile ya galoni la dhahabu," Persis alisema. "Ile yenye picha ya gari la mashindano."

"Hiyo ni ya matajiri. Oili ni oili."

"Na dawa ni dawa? Kichwa kikikuuma nikupe ya minyoo?"

Mwishowe walikubaliana kumwuliza Celestine.

Celestine alisomea ufundi wa magari mjini Kisii. Sasa alikuwa na gereji na duka la vipuri pale Ikonge. Walipofika alikuwa chini ya gari la mtu. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Bwakire, Celestine!" Persis alimsalimia.

"Buya. Leo mmekuja wawili? Basi mmegombana."

"Tunataka kujua," Alfayo alisema, "oili ya bei ya chini inatosha gari yetu, ama inaiua?"

Celestine alitoka chini ya gari, akapangusa mikono. "Mmeanzia kwa bei. Anzeni kwa gari. Fungua boneti."

Alfayo alifungua. Celestine alichukua kitambaa, akafuta kifuniko cha mahali pa kumiminia oili. Kilikuwa cheusi kwa uchafu. Alipofuta, maandishi yalitokea: 5W-30.

"Gari yenyewe inasema inachotaka," alisema. "Magari mengine hayaandiki hapo. Hayo unaangalia kitabu chake, au unauliza fundi anayeyajua."

Alfayo alikuwa amekifungua kifuniko hicho mara nyingi. Hakuwahi kukifuta.

"Hizo nambari ni za nini?" Persis aliuliza.

"Ya kwanza, iliyo kabla ya W, inaonyesha vile oili itatembea injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili inatembea haraka. Ya pili inaonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Sasa niambie, Mama Natasha, uji wa wimbi ukilala mpaka asubuhi, unamiminika?"

"Huo unakatwa kwa kisu."

"Basi oili nzito kupita kiasi, na baridi ya huku Nyamira, inakuwa kama huo uji. Inachelewa kupanda. Vyuma vya juu vinagongana vikiwa vikavu."

"Tik, tik, tik," Persis alisema polepole.

"Ndiyo. Na kila asubuhi vinalika kidogo. Alfayo, ile yako ilikuwa nambari gani?"

"Sijui. Ilikuwa kwa chupa ya soda."

"Basi hukujua unanunua nini. Inaweza kuwa oili nzuri. Inaweza kuwa oili chafu iliyochujwa ikarudishwa sokoni. Nani anajua?"

Persis alinyoosha kidole kwenye rafu. "Si nilisema tununue ile ya dhahabu?"

Celestine aliiteremsha, akaigeuza nyuma. "Soma hapa. 15W-40. Na herufi hizi zinaanza na C. Hiyo ni ya injini za dizeli. Gari yenu ni ya petroli, tafuteni herufi zinazoanza na S. Hii ni oili nzuri, lakini hii ni ya lori."

Kisha aliteremsha galoni jingine, jeupe, lisilo na picha yoyote. Bei yake ilikuwa chini ya lile la dhahabu, lakini juu ya ile ya chupa ya soda. Persis alilisoma mwenyewe kwa sauti.

"5W-30. S, P. Kifuniko hakijafunguliwa."

"Umesoma vizuri. Ikiwa nambari ni ya gari, herufi ni za petroli, galoni limefungwa, na muuzaji unamjua, ya bei nafuu inatosha. Badilisha pamoja na filta. Na usipitishe wakati wake."

Alfayo alimtazama mkewe kama mtu aliyeshinda.

"Usiniangalie hivyo," Persis alisema. "Hata wewe hukuijua."

"Jambo moja la mwisho," Celestine alisema. "Ile taa nyekundu yenye picha kama birika ikiwaka ukiendesha, usiseme utamalizia safari. Simama, uzime injini. Mniachie gari Jumapili nimwage hiyo ya zamani."

"Hiyo kazi naijua," Alfayo alisema, akilipia galoni jeupe na filta. "Nitaifanya nyumbani."

Aliifanya Ijumaa mchana. Kwa Waadventista kama wao, huo ni wakati wa kujiandaa kwa Sabato. Persis alifua na kupika. Alfayo aliliosha gari. Aliliegesha mahali pake pa kila siku, kando ya nyumba, pua ikitazama juu barabarani. Alimwaga oili ya zamani kwenye dumu, akafunga filta mpya, akamimina oili mpya. Alipochovya stiki ya kupimia, ilionyesha kwamba injini imejaa. Lakini kwenye galoni oili bado ilikuwa nyingi.

"Inakula kidogo!" alisema kwa furaha. Galoni alilisukuma chini ya kitanda.

Siku ya Sabato gari lilipumzika.

Jumapili alfajiri aliliwasha. Tik, tik, tik. Sauti ilikuwa kubwa kuliko zamani. Persis aliisikia jikoni, mkono ukabaki juu ya sufuria.

Alfayo aliondoka na ndizi zake. Kwenye kona ya mlima, karibu na kituo cha kununulia majani chai, picha ya birika iliwaka nyekundu. Alisimama. Alizima injini. Kisha akawapigia simu Celestine na Persis.

Persis alifika kwanza, amemshika Natasha mkono. Nyakundi naye alifuata.

"Ndiyo hiyo oili yenu nyepesi," Alfayo alimwambia mkewe. Hakupaza sauti.

"Nilisema nzito," Nyakundi alisema. "Sikusema?"

Persis alitazama kiti cha dereva, na moyoni akaona kuku juu yake.

Celestine alifika kwa bodaboda. Hakuuliza kama oili ni nzito au nyepesi. "Ulipima oili ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwenu wapi kuna tambarare? Hata sahani ya mchuzi mnaiwekea kijiwe isimwagike."

Nyakundi alicheka peke yake, kisha akaacha.

"Sisukumi maneno, nataka tusukume gari," Celestine alisema. "Twende pale kwenye kituo cha chai. Uwanja wake umesawazishwa."

Walilisukuma wote, hata Natasha, mikono yake midogo kwenye taa ya nyuma. Uwanjani Celestine alingoja kidogo. Alichomoa stiki, akaifuta, akaichovya tena, akaichomoa. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

"Tazama mwenyewe, Alfayo. Pua ya gari ikiwa juu, oili inakimbilia upande mmoja. Stiki inakudanganya kwamba imejaa. Oili hii haina makosa. Haitoshi tu. Ulinunua galoni zima. Nyingine iko wapi?"

Alfayo alitazama viatu vyake. "Chini ya kitanda."

"Kitanda kinapiga kelele?"

Hapo Alfayo mwenyewe alicheka. Persis alikuwa tayari ameanza kupanda njia ya nyumbani. Alirudi amelikumbatia galoni.

Celestine alimimina kidogo, akangoja, akapima. Akamimina tena, akapima. Oili ilipofika kwenye alama ya juu, aliacha. "Kuipita alama hii pia ni vibaya," alisema. "Washa."

Alfayo alisita. Kisha akazungusha ufunguo. Birika nyekundu iliwaka, ikazimika. Celestine aliinamia injini, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ulizima mapema," alisema hatimaye. "Ungemaliza ule mlima, leo tungekuwa tunaongea habari ya injini nyingine."

Persis alikifunga kifuniko cha galoni.

"Na ile oili chafu iliyo kwenye dumu?" Nyakundi aliuliza. "Nipake nguzo za ua?"

"Iletwe kwangu, kuna watu wanaikusanya. Ukiipaka kwa nguzo, mvua inaiteremsha mtoni. Na huko mtoni ndiko mnachota maji."

Jioni, Nyakundi alifungua boneti ya gari lake, akafuta kile kifuniko kwa kitambaa. Kuku walimpigia kelele. Hakumwambia mtu alichosoma, lakini baadaye alimwuliza Persis kama Celestine anapokea wageni Jumatatu.

Tangu hapo Alfayo hupima oili kwenye uwanja wa kituo cha chai, Ijumaa kabla ya jua kuzama. Mwanzoni wenye magari wengine walimcheka. Sasa wanamwomba asogee kidogo nao wapate nafasi.

Lakini asubuhi ya kwanza baada ya siku ile, hayo ya uwanjani yalikuwa bado. Jikoni kulikuwa na giza na baridi kali. Viazi vilichemka. Alfayo alitoka nje, na Persis akasikia mlango wa gari ukifungwa.

Injini iliwaka.

Natasha aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi. Alisikiliza nje, kisha akasikiliza motoni, ambako kifuniko kilikuwa kikigongagonga.

"Mama, leo ni sufuria peke yake."