Nusu Duara la Mzee wa Chokaa

Kila Jumamosi asubuhi, wanafunzi wa chuo wakiwa bado wanapiga miayo, Kiroboto na baba yake walikuwa tayari viwanjani na ndoo yao ya chokaa. Jina la Kiroboto alipewa na dada yake, kwa sababu hakuweza kutulia mahali pamoja hata kwa muda wa kumenya chungwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa ametunza viwanja vya chuo kikuu hicho kidogo cha umma kwa miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimwita Mzee wa Chokaa, maana hata viatu vyake vya sikukuu vilikuwa na madoa meupe.

Chuoni hapo michezo ilikuwa na watoto wa kambo. Timu ya chuo ya mpira wa miguu ilikuwa na uwanja wa nyasi, kocha wa kuajiriwa, jezi mpya na basi. Klabu zilijitafutia zenyewe. Klabu ya mpira wa pete, ambayo nahodha wake alikuwa dada yake Kiroboto, ilicheza kwenye kiwanja cha udongo mgumu nyuma ya karakana, wakiwa na jezi zilizofuliwa mpaka herufi zikafifia. Lakini msimu huo Mkuu wa Michezo aliwaahidi kwamba wakishinda mechi ya mwisho, watapandishwa kuwa timu ya chuo. Dada alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo. Hakuwa na msimu mwingine wa kusubiri.

Mechi yenyewe ilikuwa Jumamosi hiyo saa tisa alasiri. Baba alikuwa ameamriwa amalize kwanza kukata nyasi za uwanja mkubwa.

"Daima mpira wa pete unakuja mwisho," alinung'unika. Kisha akamgeukia Kiroboto, binti yake mdogo. "Mwanangu, mistari mirefu nimeshachora. Nichoree nusu duara la goli la upande wa karakana. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba. Kigingi, kitanzi, kamba, chokaa."

"Na ukimaliza?"

"Napima kwa utepe sehemu tatu. Kulia, katikati, kushoto."

Kiroboto alianza vizuri. Lakini udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, na kigingi kilikataa kuingia. Alikipigilia mpaka mkono ukamuuma. Wakati huohuo akasikia honi ya basi. Timu ya mpira wa miguu ilikuwa inaondoka, na watu walikuwa wakiimba getini. Kiroboto akakitupa kigingi, akaifunga kamba kwa fundo la nguvu kwenye nguzo ya goli yenyewe, akazunguka mbio akichora, kisha akakimbilia getini. Utepe wa kupimia ulibaki ndani ya ndoo.

Baadaye baba akamuuliza, "Umepima?"

"Nimepima, baba."

"Sehemu zote tatu?"

"Zote tatu."

Baba akaridhika. Kwa macho, mstari ulikuwa mzuri.

Alasiri watu walijaa kuzunguka kiwanja. Mechi ilikuwa ngumu, na mpaka dakika ya mwisho wenyeji walikuwa mbele kwa mabao thelathini na moja kwa thelathini. Ndipo mfungaji wa wageni, msichana mwenye miguu mirefu, akasimama upande wa kushoto wa nusu duara la upande wa karakana na kuutia mpira kwenye pete. Wageni wakaruka kwa furaha. Mwamuzi akapuliza filimbi, akaonyesha mguu wa yule msichana uliokanyaga nje ya mstari, na mfungaji lazima awe ndani. Bao likakataliwa, na muda ukaisha.

Dada akapiga magoti katikati ya kiwanja na kulia kwa furaha. Kiroboto naye alikuwa akiruka kama jina lake. Lakini kocha wa wageni, mama mfupi mwenye kofia nyekundu, alikuwa ameinama pale kwenye mstari na hakuinuka upesi.

"Nani amechora hapa?" aliuliza.

"Kiwanja ni changu," baba akajibu.

"Kimepimwa?"

"Mama, miaka kumi na tisa sijawahi kuacha kupima. Kimepimwa sehemu tatu. Naapa."

Utepe ukaletwa, wakapima kutoka kwenye nguzo. Kulia, mstari ulikuwa sawasawa. Katikati, ulipungua vidole vinne. Kushoto, ulipungua karibu shubiri nzima. Yule msichana alikuwa amesimama ndani ya eneo halali, na mstari ndio uliokuwa umesogea ndani.

"Baba wa nahodha ndiye mchora mistari!" shabiki mmoja wa wageni akapaza sauti. "Kesi ya ngedere kapewa nyani!"

Wote wakaingia ofisini kwa Mkuu wa Michezo. Kiroboto akasimama nyuma ya mlango uliokuwa wazi. Mkuu alikuwa amekunja uso.

"Mzee, umeapa mbele ya watu, na utepe umekukanusha. Kama hii ni hila, klabu inafutwa kwenye mashindano, na wewe utakwenda mbele ya kamati ya nidhamu. Una la kusema?"

Baba alikuwa ameiona alama ya kamba kwenye rangi ya nguzo, na alikuwa ameelewa. Hakutazama mlangoni.

"Kiwanja ni changu," alisema. "Kosa ni langu."

"Baba, sema neno!" dada akafoka huku machozi yakimtoka. "Miaka mitatu tunacheza na jezi zilizochakaa, tunakwenda mechi kwa miguu. Leo tunaitwa wezi, na wewe unasema kosa ni lako tu? Kwa nini?"

Kiroboto alijikasirikia mpaka akatamani kujipiga kofi. Akaingia.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyechora. Baba aliniuliza kama nimepima, nikasema ndiyo. Sikupima. Nilikimbilia kulitazama basi."

Kocha wa wageni akamtazama juu hadi chini. "Mbona upande mmoja uko sawa? Mtu asiyepima hukosea kote."

Kiroboto akafungua kamba ya kiatu chake, akaifunga kwa fundo kwenye mguu wa meza, akaivuta na kuanza kuzunguka. Kila alivyozunguka, kamba ilijiviringisha kwenye mguu wa meza na kuzidi kufupika.

"Baba hutumia kitanzi kilicholegea kwenye kigingi chembamba, kinazunguka pamoja na kamba. Mimi nilifunga fundo kwenye nguzo nene. Nguzo ikaila kamba."

Yule mama akaishika kamba ile, akaijaribu mwenyewe mara mbili. Mwishowe akapumua. "Mtu wa hila angepunguza nusu duara lote. Huu ni uzembe. Turudie mechi."

Mechi ikarudiwa Jumatano. Safari hii baba alichora, na kocha wa wageni akapima naye. Dada alicheza kwa hasira na akili, lakini yule mwenye miguu mirefu hakukosa hata mara moja. Wenyeji walifungwa kwa mabao mawili. Klabu haikufutwa, lakini ilibaki klabu.

Dada hakusema na Kiroboto mpaka Ijumaa. Siku hiyo alimkuta nje akisugua ndoo, akasimama.

"Nilikukasirikia na bado nimekukasirikia," alisema. "Ile jezi ya chuo sitaivaa kamwe maishani mwangu. Ila wametushinda kwa mpira, Kiroboto, hakuna wa kusema kitu. Ule ushindi wa Jumamosi ningeuonea haya siku ningejua ulivyopatikana." Akaingia ndani.

Kiroboto akalia. Baba akaja kuketi kando yake kwenye kizingiti.

"Baba, kwa nini hukunitaja?"

"Nilitaka ujitaje mwenyewe. Ungechelewa kidogo, ningefukuzwa kazi." Akamfuta uso kwa kiganja chake kigumu. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea mstari si dhambi, nimekosea mingi. Mstari tunaufuta kwa maji, tunachora mwingine. Lakini uliposema 'nimepima', mimi nililichukua neno lako nikaliapia mbele ya watu mia mbili, na dada yako akalichezea mechi ya maisha yake. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii tuliitembea sote watatu. Siku nyingine hujapima, niambie, 'Baba, sijapima.' Nitagomba, kisha tutakwenda kupima pamoja."